Sailensa kuukuu ya .22: matumbo hubadilishwa, namba hubaki

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, sailensa ni lile bomba la moshi la pikipiki ambalo vijana hulikata ili boda ipige kelele. Ya bunduki ni ndugu yake wa damu. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kizuia sauti cha bunduki mwaka 1909, alitumia fikra hiyohiyo kutuliza injini pia: gesi moto inayotoka kwa kasi hupitishwa kwenye vyumba vidogo vilivyofuatana, ikapanuka na kupoa kabla haijakutana na hewa ya nje. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni ile rashasha ambayo babu zetu waliiita bombomu. Nyumba moja ikatoa kelele, ikatoa na kimya.

Leo Marekani zimejaa sailensa za .22, yaani za bunduki ndogo zenye risasi ya kipenyo cha takriban inchi 0.22, zilizosajiliwa miaka ya 1980 na 1990, na nyingi zimefika umri wa kuziba. Zilitengenezwa zikachomelewa ncha zote mbili, hazifunguki, na kwa miaka thelathini zimekula uchafu bila kutema. Mwenye nayo huanza kusikia kishindo kilichokuwa hakipo, au huona karatasi ya shabaha ina matundu yaliyolala ubavu. Ndipo linapokuja swali: je, inaweza kupelekwa kiwandani ikafumuliwa kama injini, ikarudi mpya?

Inaweza. Ila sheria ya Marekani imekigawa chombo hiki mara mbili. Kuna bomba la nje lenye namba, na kuna vilivyomo ndani. Anayeuchanganya mpaka huo anaweza kutoka na chombo kizuri kifundi ambacho kisheria ni kosa la jinai.

Kwa nini .22 huziba kuliko nyingine

Kiswahili kimetusaidia hapa bila kukusudia: risasi ni kile kinachofyatuliwa, na risasi ni jina la madini yenyewe. Kwa .22 LR (Long Rifle), risasi ya .22 ya kawaida, majina hayo mawili ni kitu kimoja. Kichwa chake kwa kawaida ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta, au yenye utando mwembamba wa shaba usio na nguvu. Kitako chake kiko wazi mbele ya moto wa baruti. Kila mlio huyeyusha na kukwangua chembe kidogo za madini, na chembe hizo husafiri na gesi hadi ndani ya sailensa.

Risasi hizi huwaka kutoka ukingoni. Kiwashio chake hakikai kwenye kidonge katikati ya kitako cha ganda, bali kimesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili kukiwasha. Ndiyo maana ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halivumilii shinikizo kubwa. Kikomo cha shinikizo la .22 LR kwa viwango vya watengenezaji wa Marekani ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 24,000, cha .308 Winchester, ya uwindaji, ni 62,000. Bunduki kubwa hupuliza gesi kali na moto mwingi, na kichwa chake kimevikwa shaba, kwa hiyo sailensa yake hujisafisha kwa kiasi fulani. Ya .22 haina nguvu hiyo. Masizi, nta na madini hugandana, na kwa kawaida kiwashio nacho kina mchanganyiko wa risasi ndani yake.

Ukipata nafasi ya kuona iliyokatwa kwa urefu, utakumbuka sufuria ya wali iliyosahauliwa jikoni. Chumba cha kwanza, kile kilicho karibu na mdomo wa mtutu, kina ukoko wa kijivu uliong'ang'ania kila pembe. Vinavyofuata vina ukoko mwembamba zaidi, na cha mwisho mara nyingi kina masizi tu. Visahani vya ndani, yaani vile vikuta vyenye tundu vinavyogawa vyumba, vimeshikwa na bomba kana kwamba vimechomelewa. Hapo huwezi kuvisukuma kwa mkono, na ukivipiga nyundo huvipasua.

Namna rahisi ya kujua hali ya sailensa isiyofunguka ni kuipima. Mizani ya jikoni inatosha, mradi isirudi tena jikoni. Chukua uzito uliotajwa na mtengenezaji, toa kwenye uzito wa leo. Tuseme kitabu kinasema gramu 120 na mizani inasoma 200. Gramu 80 zilizozidi ni uchafu, na kwa kuwa kichwa cha kawaida cha .22 kina uzito wa greni 40, yaani takriban gramu 2.6, umebeba madini yanayolingana na vichwa thelathini hivi. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ya gesi kupanuka. Imejaa, na kelele imerudi.

Dalili nyingine zina uzito zaidi. Mlio wa kugongana ukiitikisa maana yake kisahani kimelegea au kimevunjika. Risasi zinazotua ubavu kwenye karatasi, au chembe za madini zilizotapakaa pembeni mwa tundu, maana yake kichwa kinagusa kitu njiani. Hapo acha kupiga siku hiyohiyo. Kichwa kikigusa kisahani kimoja hupinda njia, kikavibomoa vinavyofuata, na cha mwisho kubomoka ni kofia ya mbele, ambayo hutoka pamoja na risasi.

Chanzo cha migongano hiyo mara nyingi si sailensa bali mtutu. Bunduki nyingi za .22 za Marekani zina hesi za nusu inchi, nyuzi 28 kwa inchi. Hesi zikikatwa kombo, au bega la mtutu likiwa na punje ya masizi iliyozuia sailensa isikae sawasawa, pembe ndogo tu nyuma huwa kubwa mbele. Kabla ya kulaumu kilichomo ndani, fundi bunduki apitishe fimbo ya kupimia iliyonyooka kwenye mtutu wa bunduki tupu, huku sailensa imefungwa, aone kama fimbo inatokea katikati ya tundu la mbele. Kupeleka sailensa kufumuliwa na kuiacha bunduki yenye hesi kombo ni kulipa mara mbili.

Usijaribu kuipika nyumbani

Kuna dawa inayosifiwa sana: siki nyeupe iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Ni kweli huyeyusha madini ya risasi, na huyeyusha haraka. Kinachobaki kwenye bakuli ni asetati ya risasi, chumvi ya sumu iliyoyeyuka kwenye maji na inayoweza kupenya ngozi. Kumwaga maji hayo sinkini au bustanini ni kuhamisha sumu kutoka kwenye bomba kwenda kwa watoto. Tena mchanganyiko huo huitafuna alumini, na visahani vya sailensa nyingi za zamani ni vya alumini. Wapo waliozitia jioni, asubuhi wakakuta alumini imeliwa na maji yamekuwa ya kijivu.

Kwa sailensa iliyochomelewa kuna ubaya wa ziada: dawa ikiingia haitoki yote. Inabaki kwenye pembe ikiendelea kula, na risasi inayofuata hupuliza mvuke wake usoni kwa mpigaji. Dawa za kawaida za kusafishia mtutu hazina sumu ya namna hiyo, lakini kwa ukoko wa miaka hulainisha tabaka la juu tu.

Ukilazimika kuigusa, vaa glavu za nitrili, fanya kazi nje, usisugue kikavu, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Karatasi na vitambaa vilivyoshika vumbi viende kwenye kituo cha taka hatarishi cha kaunti. Vumbi la risasi halinuki wala haliwashi, na hapo ndipo penye hatari yake.

Sheria inaliona bomba

Sheria ya Silaha ya Taifa ya 1934 iliweka sailensa kwenye daftari moja na rashasha, ikatoza kodi ya dola 200 kila inapohamishwa kutoka mtu hadi mtu. Kodi hiyo haikubadilika kwa zaidi ya miaka tisini. Tangu 1 Januari 2026 imeshuka hadi sifuri kwa sailensa, lakini usajili, alama za vidole, picha na uchunguzi wa mhusika vimebaki vilevile. Anayesema sailensa zimekuwa huru Marekani amesoma nusu ya habari.

Mabadiliko yaliyogusa ukarabati yalikuja mapema zaidi, mwaka 1986. Kabla ya hapo mwenye sailensa aliweza kuagiza vipuri vya ndani kama anavyoagiza pedi za breki. Mwaka ule bunge lilipanua maana ya neno: sehemu yoyote iliyokusudiwa kutumika kwenye sailensa peke yake, nayo ni sailensa. Kisahani kimoja kilichokaa kwenye droo, bila namba wala usajili, ni sailensa isiyosajiliwa, na adhabu yake inafika miaka 10 jela. Hata viraba, vile vidude laini ambavyo baadhi ya sailensa za zamani ziliwekewa ili risasi ipite ikivitoboa, vimo. Viraba huisha baada ya risasi chache, kwa hiyo mwenye sailensa ya aina hiyo hawezi hata kubadilisha kitu kilichoundwa ili kichakae.

Kwa hiyo vipuri vya ndani vinaweza kutengenezwa na kuwekwa na mtengenezaji mwenye sifa tu. Sifa zenyewe ni mbili, na zinatakiwa zote: leseni ya shirikisho ya kutengeneza silaha, ambayo kwa wengi ni ya aina ya 07, na kodi maalumu ya mwaka ya daraja la 2 inayomruhusu kutengeneza silaha za daftari lile. Duka lenye leseni ya 01, likiwa na kodi yake maalumu, linaweza kukuuzia sailensa na fundi wake anaweza kurekebisha baadhi ya mambo, lakini hawezi kukutengenezea kisahani kipya. Si lazima aliyeitengeneza awe ndiye anayeirekebisha. Kampuni nyingi za miaka ya 1980 zimekufa, na mtengenezaji mwingine mwenye sifa hizo mbili anaruhusiwa kufanya kazi hiyo.

Na bomba je? Idara ya Pombe, Tumbaku, Silaha na Vilipuzi, inayojulikana kwa herufi ATF, imeeleza msimamo wake wazi: bomba la nje ndilo mwili wa sailensa, na kulibadilisha si ukarabati bali ni kutengeneza sailensa mpya, yenye alama zake na usajili wake. Bomba lililoharibika linaweza kunyooshwa, kuchomelewa, hata kufupishwa kwa kiasi kidogo kabisa kinachotosha kukata hesi upya pale za zamani zilipoharibika. Kurefushwa hakuruhusiwi. Kubadilisha kaliba, yaani kipenyo cha risasi, hakuruhusiwi. Kuifuta, kuipaka juu au kuipunguza namba ya mfululizo hakuruhusiwi hata kwa bahati mbaya, na "bahati mbaya" ni neno la kulizingatia tukifika kwenye rangi. Ikiwa namba iko kwenye sehemu nyingine inayobidi kubadilishwa, mfano kofia ya nyuma, sehemu mpya huwekwa namba ileile.

Kwa ufupi wa mafundi: sailensa inaweza kurudi ikiwa na matumbo yote mapya, na bado ni ileile. Ikirudi na bomba jipya, ni nyingine.

Kuituma

Anza na karatasi. Sailensa iliyonunuliwa ina Fomu 4 yenye stempu. Iliyorithiwa ina Fomu 5. Aliyeitengeneza mwenyewe kwa kibali ana Fomu 1. Iweke fomu mezani pamoja na chombo, usome herufi kwa herufi: namba, jina la mtengenezaji, modeli, kaliba, urefu. Kwenye usajili wa zamani makosa ni mengi. Sifuri imeandikwa O, urefu umekadiriwa kwa macho, kaliba imeandikwa ".22" tu. Kosa likionekana, liandikiwe ofisi ya usajili ya ATF kabla ya kitu kutoka nyumbani, kwa sababu likigunduliwa kikiwa kwenye meza ya mtengenezaji, atasimamisha kazi na sailensa itakaa kwenye kabati lake mpaka jibu lije.

Karatasi zikipotea si mwisho wa dunia, maana aliyesajiliwa anaweza kuiomba ATF uthibitisho. Lakini sailensa ambayo haikuwahi kusajiliwa, labda iliyookotwa kwenye sanduku la marehemu babu, haina njia ya kuhalalishwa. Msamaha mmoja tu ulitolewa, wa siku thelathini, Novemba 1968. Hapo hatafutwi fundi, hutafutwa wakili, naye ndiye atakayepanga namna ya kuikabidhi serikalini.

Kisha andika barua kwa mtengenezaji ukiuliza mambo haya, na usitume kitu hadi ujibiwe kwa maandishi: je, leseni yake na kodi yake ya mwaka ni hai; atabakiza nini na atatupa nini; atatumia visahani vya metali gani; ncha zitachomelewa tena au zitawekewa hesi ili ifunguke; bomba litapakwa nini na namba italindwaje; na bei itakuwa ngapi iwapo bomba litaonekana halifai baada ya kufunguliwa. Hilo la mwisho husahauliwa sana. Kufungua sailensa iliyochomelewa ni kuikata kwenye mashine ya kukereza. Ikishakatwa na bomba likakutwa limepasuka, umekwisha lipia kazi ya kuifungua, na huna sailensa.

ATF haihesabu kupeleka kwa ajili ya ukarabati kuwa ni uhamisho wa umiliki, kwa hiyo kisheria hulazimiki kujaza fomu. Hata hivyo inapendekeza Fomu 5, ile ya uhamisho usiotozwa kodi, na sisi tungesema uijaze. Ina gharama ya kusubiri tu, na faida yake huonekana siku mambo yakiharibika: kampuni ikifilisika, ghala likiungua, au ukaguzi ukifanyika huku sailensa yako iko rafuni kwao, fomu iliyoidhinishwa inaeleza kwa nini kitu cha jina lako kipo mikononi mwa mwingine. Baadhi ya watengenezaji hawapokei bila hiyo. Wengine wataridhika na nakala ya Fomu 4 na barua ya maelezo. Mfuate anayedai zaidi.

Kifurushi kiwe hivi: sailensa imefutwa nje na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sababu ya lile vumbi; hakuna risasi hata moja ndani ya boksi; nakala za fomu, kamwe zisiwe halisi; karatasi inayoeleza tatizo, bunduki iliyotumika, aina ya risasi na uzito wa leo wa sailensa. Mwombe mtengenezaji lebo ya kusafirishia, kwani kampuni za usafirishaji zina masharti magumu kwa mtu asiye na leseni na hubadilika mara kwa mara. Kata bima. Nje ya boksi pasiandikwe lolote linaloashiria silaha.

Ikifika, mtengenezaji huiingiza kwenye daftari lake la mapokezi. Ikimalizika anaruhusiwa kukurudishia moja kwa moja nyumbani, bila kupitia duka, mradi ni ileile na wewe ndiye uliyesajiliwa. Umehama jimbo wakati iko huko? Mwambie. Sailensa ni halali katika majimbo 42. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Hawaii na Rhode Island zinakataza, na kuirudisha kwenye anwani mpya ya huko ni kuivunja sheria ya jimbo. Minnesota, wanakoishi watu wengi waliotoka Afrika Mashariki, iliruhusu mwaka 2015 tu, kwa hiyo taarifa za zamani kuhusu jimbo hilo zimepitwa.

Kwa wasomaji wetu walio ughaibuni kuna mawili zaidi. Mwenye grini kadi anaweza kusajili sailensa, lakini aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo, amezuiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha ila kwa misamaha michache, kama leseni ya uwindaji iliyo hai. La pili: sailensa imo kwenye orodha ya zana za kivita zinazohitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ili kutoka nchini. Hata kipande kimoja kilichokatwa kutoka ndani yake. Usikitie kwenye begi la kwenda nyumbani Krismasi ukidhani ni chuma chakavu.

Kinachotokea mezani kwa fundi

Kwanza huingia ndani kwa kamera ndogo na kupima bomba: limepinda, limevimba, lina ufa? Uvimbe katikati huonyesha kuwa risasi iliwahi kukwama au sailensa ilitumiwa na risasi kubwa kuliko kiwango chake. Sailensa nyingi za zamani zilipimwa kwa .22 LR tu; .22 Magnum na .17 HMR, risasi nyingine za kuwaka ukingoni, hubeba baruti nyingi zaidi, na alumini nyembamba huonyesha tofauti.

Kisha kofia iliyochomelewa huondolewa kwa kukereza kidogo kidogo, na hapo kazi huwa ya subira. Matumbo yakishikamana na bomba, fundi mzuri hayapigi. Huyaloweka, huyasukuma kwa mashine ya shinikizo kwa mstari ulionyooka, na yakikataa huyakereza kutoka ndani mpaka yabaki ganda jembamba linaloachia lenyewe. Bomba la alumini likikwaruzwa kwa kina ndani, limepungua unene, na unene huo haurudi.

Matumbo ya zamani hubadilishwa na ya kisasa. Waya uliosokotwa na wavu wa shaba, uliokuwa fasheni zamani, hushika uchafu kama sifongo na hausafishiki. Bastola ya High Standard HDM ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo Gary Powers, rubani wa ndege ya upelelezi ya Marekani, alikamatwa nayo Urusi mwaka 1960, ilitegemea wavu wa namna hiyo. Siku hizi kwa .22 huwekwa visahani vya chuma kisichoshika kutu vinavyofungana kimoja juu ya kingine, ili ukoko ubaki ndani ya visahani vyenyewe usiguse bomba. Vinatoka kwa kidole. Ni vizito kuliko alumini, na mwenye bastola nyepesi ataisikia tofauti puani mwa mtutu, lakini vinaweza kusuguliwa kwenye ngoma ya pini za chuma bila kuumia. Tukiulizwa, tunachagua chuma kwa visahani viwili vya kwanza hata kama vingine ni alumini. Visahani vya zamani vilivyotoka lazima viharibiwe. Havirudishwi kwako kama kumbukumbu.

Rangi ndipo ajali hutokea. Bomba la alumini lililotiwa rangi ya anodi likitiwa upya, tabaka la kwanza huondolewa kwa magadi makali ambayo hula na alumini yenyewe. Kanuni za sasa zinataka namba ichongwe kwa kina kisichopungua inchi 0.003, yaani chini ya moja ya kumi ya milimita, na sailensa za zamani nyingi ziko chini ya hapo. Dakika chache za ziada kwenye magadi, au upepo wa mchanga uliopitishwa bila kuziba namba, na utambulisho umekwenda. Mwombe aipige picha namba kabla na baada, na kama hana uhakika, asiondoe rangi kabisa. Bomba lililochujuka halipigi kelele zaidi.

Inalipa?

Mpaka mwisho wa 2025 hesabu ilikuwa rahisi. Sailensa mpya ilikuja na dola 200 za kodi juu ya bei yake, kwa hiyo kufumua ya zamani kulikuwa na dola 200 za kuokoa hata kabla ya kuanza. Sasa kodi hiyo haipo. Sailensa ya kawaida ya .22, ya bomba la alumini iliyochomelewa miaka ya 1990, mara nyingi haifai tena kufumuliwa kama bei ya kazi inazidi nusu ya bei ya mpya: utapata chombo kilichokarabatiwa chenye bomba kuukuu, wakati mpya inafunguka kwa mkono na inabeba dhamana.

Zipo zinazofaa. Bunduki zenye sailensa iliyojengewa ndani ya mtutu, kama Ruger 10/22 na bastola za Ruger Mk II zilizogeuzwa na warsha ndogo, haziwezi kubadilishwa kwa kununua sailensa nyingine; hizo zifumuliwe. Bomba la chuma kisichoshika kutu au titani, hata likiwa na miaka arobaini, kwa kawaida ni zima na linastahili matumbo mapya.

Na ipo moja isiyopaswa kuguswa. Ukirithi Maxim ya 1910, ile ambayo tundu lake haliko katikati bali limesogezwa juu ili mwili wake usizibe vilengeo vya bunduki, iache ilivyo. Ifutwe kwa mafuta mepesi, ihifadhiwe na karatasi zake. Thamani yake iko kwenye vile visahani vya kale, na mtengenezaji akivitoa kisheria lazima aviharibu.

Yako ikirudi, isipigwe siku hiyo. Linganisha namba na fomu, funga kwenye bunduki tupu, pitisha fimbo ya kupimia, halafu uipime kwenye mizani. Piga risasi chache za mwendo ulio chini ya kasi ya sauti kwenye karatasi safi iliyowekwa karibu, uangalie matundu ni ya mviringo. Mlio wa kwanza utasikika mkubwa kidogo kuliko inayofuata, kwa sababu hewa iliyomo ndani bado ina oksijeni ya kuchoma, si kasoro. Baada ya hapo ifunguliwe na kusafishwa kila risasi 300 hadi 500, hata kama inaonekana safi, kwa kuwa ukoko mchanga hutoka kwa brashi na uliokomaa hautoki. Uzito wa siku ya kwanza uuandike kwa penseli nyuma ya nakala ya fomu.